Tochi, Dashibodi na Simu: Usahihi wa Vipima Mwendo Kati ya Makambako na Njombe

Basi likipita Makambako kuelekea Mbeya, mwendo wake unaweza kusomwa mara nne kwa sekunde ileile na majibu yasifanane. Spidomita iliyo mbele ya dereva inaonyesha 84, simu ya abiria aliyekaa dirishani inaonyesha 79, kifaa cha VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari, kilichofungwa ndani ya basi kinarekodi 80, na tochi ya trafiki aliyesimama ukingoni mwa barabara inasoma 78. Vifaa vyote vinne vinaweza kuwa vizima. Kila kimoja kinapima kitu chake kwa njia yake, kisha kinageuza kipimo hicho kuwa kilomita kwa saa. Kila njia ina kosa lake la asili, na kwa bahati nzuri ukubwa wa kosa hilo, na hata upande linakoelemea, mara nyingi hujulikana. Anayelijua anaweza kutenganisha lalamiko la haki na ubishi mtupu kati ya dereva na askari.

Makambako ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mji huo, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ndipo barabara kuu ya TANZAM itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma inapopishana na barabara ya Njombe na Songea. Malori yenye shehena za Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya, Fuso za viazi na mbao kutoka Njombe, magari madogo na bodaboda, vyote hupita hapo. Sheria inavitaka vyombo vyote visizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na inayataka mabasi na magari ya uzito wa zaidi ya tani 3.5 yasizidi 80 hata nje ya makazi. Dereva wa gari anayezidisha hutozwa faini ya shilingi 30,000. Kwa dereva wa kuajiriwa hiyo si hela ndogo, nayo hutegemea tarakimu mbili zilizotokea kwenye kioo kidogo mkononi mwa askari.

Kikomo chenyewe hakina ubishi. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, hivyo gari lililo kwenye 80 lina nishati mara mbili na nusu ya lilelile likiwa kwenye 50, na breki lazima ziimalize nishati hiyo yote kabla ya kumfikia mtoto anayevuka. Kwa sababu jambo lenyewe ni zito kiasi hicho, kipimo chake hakipaswi kuachwa kuwa cha kukisia.

Tochi ziko za aina mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza ni ya rada. Msingi wake uliandikwa mwaka 1842 na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria: wimbi linalotoka kwenye kitu kinachosogea hupokewa likiwa na masafa tofauti na yale ya kitu kilichotulia. Tochi hurusha mawimbi ya redio, mawimbi hugonga gari na kurudi, na kifaa hulinganisha masafa yaliyotoka na yaliyorudi. Rada ya gigahezi 24.15, ambayo ni ya kawaida duniani, ikielekezwa kwa basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hupata tofauti ya hezi 3,580 hivi. Kila kilomita moja kwa saa ni sawa na hezi 45. Kwa saketi za leo, kutenganisha hezi 3,580 na hezi 3,535 ni kazi nyepesi, kwa hiyo hesabu ya masafa ni nadra sana kuwa chanzo cha kosa. Baridi ya Njombe na wepesi wa hewa ya nyanda za juu havina athari yoyote ya kuhesabika pia: hata pwani hewa hupunguza kasi ya mawimbi ya redio kwa takriban sehemu 3 tu kati ya 10,000.

Udhaifu wa rada uko kwingine, na ni udhaifu mkubwa: kifaa kinajua mwendo bila kujua ni wa gari lipi. Mawimbi yake hutanuka kadiri yanavyokwenda mbele. Kama upana wake ni nyuzi 12, yakifika umbali wa mita 300 yamefunika eneo la mita 60 na ushei, yaani barabara nzima, pembezoni mwake na chochote kilichomo. Kifaa husoma mwangwi wenye nguvu zaidi. Ni kweli kwamba umbali hudhoofisha mwangwi haraka mno. Kitu kilicho mbali mara mbili lazima kiwe kirudishaji bora mara 16 ili mwangwi wake ulingane na wa kilicho karibu. Lakini uso wa lori kubwa la semi ni ukuta wa chuma, ilhali bodaboda iliyotangulia mbele yake ni vyuma vichache na mwili wa binadamu. Katika foleni ya TANZAM, tarakimu iliyotokea wakati tochi imeelekezwa kwa pikipiki inaweza kuwa ya lori lililoko nyuma yake. Askari aliyefunzwa vizuri huliona gari kwa macho kwanza, hukadiria mwendo wake, kisha hutumia rada kuthibitisha. Asipoweza kusema kwa hakika kuwa gari lililo mbele lilikuwa peke yake kwenye eneo la mawimbi, hana ushahidi.

Jambo hili lilifika mahakamani Florida, Marekani, mwaka 1979. Mwandishi wa televisheni wa Miami alionyesha rada ya polisi ikiusoma mti wa mnazi kuwa unakwenda maili 86 kwa saa, sawa na kilomita 138, na nyumba kuwa inakwenda maili 28. Kesi iliyofuata ilichambua vifaa hivyo kwa kina, na jaji akakataa ushahidi wa rada katika kesi nyingi za mwendo kwa mkupuo mmoja. Sababu za masomo kama hayo zilikuwa za kawaida kabisa: mwangwi wa gari jingine, feni ya gari la askari mwenyewe, vyombo vya redio vilivyo karibu, na mikono isiyo na mafunzo. Tangu hapo vifaa vimeboreshwa sana na masharti ya matumizi yameongezwa, lakini fizikia ya mawimbi yanayotanuka haijabadilika.

Tochi ya pili ni ya leza. Hii haishughulikii masafa. Hutuma vipigo vifupi vya mwanga usioonekana kwa macho na kupima muda ambao kila kipigo kinachukua kwenda na kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa ya ndani ya kifaa lazima iwe kali mno. Kila muda unaopimwa hutoa umbali. Vipimo vingi vya umbali, vilivyofanywa ndani ya theluthi ya sekunde, huonyesha jinsi gari linavyosogea, na mwendo hupatikana hapo. Basi la kilomita 80 kwa saa husogea karibu mita 7.4 katika muda huo. Faida kubwa ya leza ni wembamba wake: kwa mita 300 doa lake halifiki mita moja kwa upana, hivyo askari anaweza kuchagua gari moja katikati ya foleni, na tochi yenye kamera huacha picha yenye alama ya mahali ilipolengwa.

Leza nayo ina makosa yake. Kifaa kinadhani kinapima sehemu ileile ya gari tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono ukitikisika na doa likateleza ubavuni mwa tela, umbali hubadilika kwa sababu ya kuteleza, na mabadiliko hayo huingia kwenye hesabu ya mwendo. Doa likiteleza mita moja kuelekea mbele au nyuma ndani ya theluthi ya sekunde, kosa linafika karibu kilomita 11 kwa saa. Programu za vifaa vya kisasa hukagua kama vipimo vyote vinapangika kwenye mstari ulionyooka, na vikiyumba hukataa kutoa jibu. Bado ni busara tochi ilengwe kwenye pleti ya namba au taa za mbele, na ishikwe kwenye kitu imara. Ukungu pia humsumbua mwenye leza. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, asubuhi za Njombe huwa na ukungu mzito, na matone yake hutawanya mwanga. Mara nyingi matokeo ni kushindwa kusoma kabisa, au kusoma kwa umbali mfupi tu. Tarakimu ya uongo ni nadra zaidi.

Aina zote mbili zina kosa moja la pamoja, nalo ni la pembe. Tochi hupima jinsi gari linavyoisogelea tochi yenyewe, si jinsi linavyokwenda barabarani. Askari aliyesimama mita 5 kutoka kwenye njia ya gari akilipima kwa mita 100, pembe ni nyuzi 3 hivi na kosa halifiki hata nusu ya kilomita. Akilipima likiwa mita 15 tu mbele yake, pembe inafika nyuzi 18, na gari la kilomita 80 litasomwa 76. Kwa tochi iliyotulia mahali pamoja, kosa hili humpendelea dereva siku zote. Kona na miteremko ya barabara ya Njombe huongeza pembe hizo, kwa hiyo hoja ya dereva kwamba tochi ilimwonea kwa sababu ilielekezwa kwa mshazari haina msingi. Hoja yenye nguvu ni ile ya kuuliza gari lililolengwa ni lipi, lilikuwa umbali gani, na kifaa kilikaguliwa lini.

Ukaguzi huo una taratibu zake. Rada hujaribiwa kwa kipande cha chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho kikigongwa hutetemeka kwa masafa maalumu. Kikiwekwa mbele ya rada ya gigahezi 24.15 na kutetemeka mara 2,238 kwa sekunde, tochi lazima isome 50. Ikisoma kingine, haifai kwenda barabarani siku hiyo. Leza hujaribiwa kwa kulenga ubao uliowekwa umbali uliopimwa kwa futi kamba, na kioo lazima kionyeshe umbali huo na mwendo wa sifuri. Juu ya majaribio hayo ya kila siku kuna uhakiki wa maabara. Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, katika pendekezo lake namba 91 la mwaka 1990, liliweka kwa rada zinazotumika barabarani ukomo wa kosa la kilomita 3 kwa saa kwa mwendo usiozidi 100. Maana yake ni kwamba hata kifaa kizuri kilichohakikiwa hakidai kutofautisha 50 na 52. Uingereza imelikubali hilo waziwazi: mwongozo wa polisi wake huongeza asilimia 10 na maili 2 juu ya kikomo kabla ya mashtaka, hivyo penye kikomo cha maili 30 dereva kwa kawaida huanza kushughulikiwa akifika 35.

Wakulima wa Njombe wanajua vizuri kinachotokea kipimo kikiachwa mikononi mwa upande mmoja. Kwa miaka mingi viazi vyao vimenunuliwa kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, na njia pekee ya kumaliza ubishi ni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Pampu ya mafuta haiaminiwi bila stika na lakiri ya wakala huo. Tochi inayomtoza mtu shilingi 30,000 inastahili kiwango hichohicho cha uwazi, na tarehe ya uhakiki wake ni habari ambayo dereva anayepigwa faini anapaswa kuonyeshwa bila kubembeleza.

Spidomita ya gari ndiyo inayoaminiwa kuliko zote na ndiyo yenye kosa kubwa kuliko zote. Haipimi mwendo hata kidogo. Huhesabu mizunguko ya gurudumu au ya shafti, kisha huzidisha kwa mzingo wa tairi ambao kiwanda kilidhani utatumika. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wa nchi nyingi, inaagiza spidomita isionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Kwa hesabu hiyo, gari lililo kwenye 50 halisi linaweza kuonyesha hadi 59, na lililo kwenye 80 likaonyesha hadi 92, na bado likawa halali. Ndiyo maana spidomita nyingi za magari mapya huonyesha zaidi kidogo. Magari madogo mengi ya Tanzania, hata hivyo, yametumika kwanza Japani, na ukaguzi wa huko una mipaka ya namna nyingine: kwa magari yaliyotengenezwa tangu 2007, spidomita ikionyesha 40, mwendo halisi unaruhusiwa kuwa popote kati ya 30.9 na 42.55. Hapo kuna nafasi, ndogo lakini ipo, ya spidomita kuonyesha pungufu.

Kinachoibadilisha spidomita zaidi ni tairi. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Mwenye gari akifunga 205/70R15 ili gari liinuke na kumudu matope ya masika, kipenyo kinakuwa milimita 668, ongezeko la asilimia 5. Kila mzunguko sasa unasogeza gari mbali zaidi, lakini spidomita haijui, na pale alama ya 80 ilipomaanisha mwendo wa 80, sasa inamaanisha karibu 84. Akiba ndogo ya usalama iliyowekwa na kiwanda imeliwa yote au nusu yake. Tairi lililochakaa hufanya kinyume: kashata zikipungua kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua kwa asilimia 2, na spidomita huzidisha zaidi ya ilivyokuwa.

Simu ya mkononi, ambayo wengi huidharau kwa kazi hii, ndiyo kipimo bora zaidi alicho nacho mtu wa kawaida, kwa sharti moja: mwendo uwe umetulia na anga liwe wazi. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kipokezi hupima mabadiliko ya masafa ya mawimbi yake, fizikia ileile ya Doppler iliyo ndani ya rada ya trafiki. Kwenye barabara iliyonyooka ya uwanda wa Makambako, kosa la simu nzuri haliwezi kuzidi sana kilomita moja kwa saa. Tairi halihusiki, wala mzigo. Udhaifu wake ni uchelewaji. Simu nyingi husasisha jibu mara moja kwa sekunde na kulilainisha, hivyo dereva anayefunga breki kutoka 80 anapoona kibao cha 50 atapita kibao huku simu ikionyesha mwendo wa sekunde moja au mbili zilizopita. Kwenye mashamba ya miti ya Njombe, barabara inapopita kati ya misonobari mirefu au kwenye mkato wa kilima, mawimbi hupungua na mengine huja baada ya kudunda, na tarakimu huanza kurukaruka.

VTS ya mabasi hutegemea setilaiti hizohizo. Mfumo huo ulianza enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini, na sasa uko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kifaa hurekodi mahali na mwendo wa basi, na dereva akizidisha hupiga kelele ambazo abiria wote huzisikia. Kenya ilichukua njia nyingine mwaka 2004, ilipoyalazimisha matatu na mabasi kufunga kidhibiti kinachozuia gari kuvuka 80. Chombo hicho kilikata mwendo chenyewe, lakini hakikuweza kumwambia msimamizi aliye mbali kilichotokea. Nguvu ya VTS ni kumbukumbu yake ndefu. Trafiki huona sekunde moja ya safari, VTS huona safari nzima. Ila rekodi yake isomwe kwa akili: tarakimu moja ya 120 iliyotokea peke yake kati ya 78 na 79 ni kosa la mawimbi, kwa sababu hakuna basi linaloweza kuongeza na kupunguza mwendo namna hiyo ndani ya sekunde chache. Mfululizo wa dakika nzima juu ya 90 ni kitu kingine kabisa.

Njia ya kuvipima vipimo vyenyewe ni kongwe na haihitaji zaidi ya saa: umbali unaojulikana na muda. Ndiyo iliyotumiwa na Le Boulengé, afisa wa mizinga wa Ubelgiji katika karne ya 19, aliyetengeneza chombo cha kupima kasi ya risasi kwa nyaya mbili zilizokatwa na risasi moja baada ya nyingine. Vipima risasi vya bei nafuu wanavyonunua wapiga shabaha leo hufuata mpango huohuo kwa kutumia vihisi viwili vya mwanga, mara nyingi vikiwa sentimita 30 tu kutoka kimoja hadi kingine. Risasi ya mita 800 kwa sekunde huvuka nafasi hiyo kwa sehemu 375 za milioni za sekunde. Kihisi kimoja kikikaa vibaya kwa milimita moja, jibu linakosea kwa karibu mita 2.7 kwa sekunde, na mwanga wa anga ukibadilika vihisi huweza kuiona risasi mapema au kwa kuchelewa. Vipima risasi vya rada vya kisasa, ambavyo watengenezaji wake hutaja kosa la sehemu moja kati ya elfu, vimeshinda kwa sababu havina nafasi ya kupanga vibaya; kwa risasi hiyohiyo ni mita 0.8 tu kwa sekunde. Kwa gari, mambo ni mepesi zaidi, kwa maana umbali unaweza kurefushwa kadiri mtu anavyotaka.

Nguzo za kilomita kando ya TANZAM hutosha kwa kazi hiyo. Dereva hushika mwendo mmoja usiobadilika, spidomita ikionyesha 80, na abiria, si dereva, hubonyeza saa ya simu nguzo ikipita. Kwa 80 halisi, kilomita moja huchukua sekunde 45. Kwa 50 huchukua sekunde 72. Kidole kikichelewa nusu sekunde kwenye kilomita moja, kosa ni karibu kilomita 0.9 kwa saa. Kwenye kilomita 5, zinazochukua dakika 3 na sekunde 45, kosa la kidole hushuka chini ya kilomita 0.2, na nguzo moja iliyosogezwa na mafundi wa barabara haiharibu tena jibu. Kilomita 5 zikichukua sekunde 236 badala ya 225, mwendo halisi ni 76, na spidomita inazidisha kwa 4. Zikichukua 216, mwendo ni 83, na dereva huyo, kama chombo chake kina kikomo cha 80, amekuwa akivunja sheria bila kujua, pengine tangu siku alipobadilisha tairi. Jaribio hilo linafaa kurudiwa kila gari linapofungwa tairi za saizi nyingine, na simu iwe wazi pembeni ili tofauti yake na spidomita iandikwe kwa 50 na kwa 80, kwa kuwa tofauti hizo mbili si lazima ziwe sawa.